Nyonga ya Mwanahawa

Nilikwenda kwenye mazishi ya Bwana Gervas kuhakikisha. Habari niliipata kwenye kundi letu la simu, lile la watumishi wa zamani wa idara ya mionzi, na wakati wenzangu wakituma alama za mikono iliyofumbatwa na maneno ya pumzika kwa amani, mimi niliuliza kitu kimoja tu: anazikwa lini na wapi. Misugusugu, wakaniambia, nyumbani kwake, Jumamosi saa nane. Nikavaa dera jeusi, nikafunga kilemba vizuri, nikafika mapema ili nipate mahali ambapo ningeliona jeneza likishuka. Mama mmoja jirani yake, aliyenipisha kwenye mkeka, aliniuliza kama nilimfahamu sana marehemu. Nikamwambia nilimfahamu vya kutosha. Ndipo mpwa wake akasimama kusoma historia ya marehemu, na katikati ya shule alizosoma na watoto aliowaacha nikasikia kwamba ndiye aliyeanzisha huduma ya picha za pande tatu katika hospitali yetu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mchungaji naye akaomba kama kuna mtu ana neno na marehemu basi amsamehe hapo hapo, asimwache aende na mzigo. Nikaangalia viatu vyangu mpaka wimbo ulipoanza. Nimeshaanza kupaka hina kuficha mvi, na nilidhani mambo yale yamenitoka. Hayajanitoka. Kwa sababu hawakuisoma historia ile inavyopaswa kusomwa, nimeona niiandike mwenyewe.

Huduma ile ilianzia kwenye stoo ya mashuka. Hospitali, ambayo sitaitaja jina, iko Kibaha, na mwaka ule ilikuwa imepata mashine ya siti skani pamoja na kompyuta yake ya pili, ile ya kuunganisha picha. Mashine kubwa ilijengewa chumba kipya chenye marumaru. Kompyuta hakuna aliyejua ni ya nini, ikakaa kwenye maboksi mpaka niliporudi kutoka Dar nilikopelekwa mafunzoni, na Bwana Gervas, mkuu wa idara, akaniambia nitafute pa kuiweka. Nikapewa stoo. Haikuwa na dirisha, ilinukia sabuni ya unga na dawa ya nondo, na kila mlango ulipofunguliwa wahudumu wa dobi walichungulia kwa mazoea wakitafuta mashuka. Nilisugua kuta mwenyewe. Nikaazima stuli ndefu maabara, ya kupandishwa na kushushwa, kwa kuwa meza ilikuwa ya juu, nikaweka na kibao mlangoni nilichokiandika kwa kalamu ya wino mzito. Wauguzi wakapaita Tiridii, kwa Kiingereza cha zile pande tatu. Wagonjwa walipouliza kinachofanyika humo niliwaambia hivi: ile mashine kubwa inakukata vipande kama mkate, vipande vyembamba mno, bila kisu, mimi huku navipanga tena kimoja juu ya kimoja mpaka mfupa unasimama wote kwenye kioo, na daktari anaweza kuuzungusha, kuutazama mbele, nyuma na chini, kabla hajakugusa. Wengi walicheka. Mzee mmoja wa Mlandizi aliomba aonyeshwe goti lake likizunguka, akalitazama kwa muda mrefu, akasema kumbe ndani bado ni kijana.

Kila Alhamisi alikuja Daktari Kweka kutoka Dar kufanya upasuaji wa mifupa. Alikuwa mrefu, mkimya, akila kashata kutoka mfuko wa koti lake jeupe na kunipa kipande bila kuuliza kama nataka. Alikaa kwenye stuli yangu, mimi nikasimama nyuma yake nikizungusha picha, naye akisema tu: geuza, rudi, simama hapo. Baada ya mwezi wa pili hakuingia chumba cha upasuaji bila kupita stoo. Nakumbuka furaha ya siku zile na inanitia hasira, kwa sababu ilikuwa furaha safi. Nilikuwa nimevuka thelathini kidogo, sina mume wala mtoto, na nilikuwa na chumba ambamo mifupa ya watu ilisimama kwa mikono yangu. Nilikula chapati na maharage juu ya boksi la kompyuta, mlango ukiwa wazi kidogo, nikisikiliza watu wakipita kwenye korido na kusema, mpelekeni kwa Rehema, Rehema ataona.

Bwana Gervas hakuwa akisema kwa Rehema. Alikuwa akisema huduma yangu. Alikuwa mfupi, nadhifu, mwenye manukato yaliyomtangulia na kubaki baada yake, na alijua kuongea na wageni kuliko mtu yeyote niliyemwona. Kuiwasha ile kompyuta hakujua, lakini nikiwa nimeiacha wazi aliweza kushusha stuli miguu yake ifike chini na kuzungusha picha, na hicho ndicho alichokipenda. Aliwaleta viongozi, wafadhili, wachungaji, hata kamati za harusi za jamaa zake, akawazungushia fuvu la mtu kwenye kioo. Alikuwa na tabia ya kufuta zile herufi za pembeni zinazoonyesha kushoto na kulia, kwa madai kwamba zinachafua picha. Nilimwambia mara mbili kwamba herufi zile ndizo macho ya daktari. Mara ya pili alinijibu mbele ya wageni kwamba binti huyu ni fundi mzuri ila hajui mambo ya utawala. Wageni wakacheka, nami nikacheka nao. Kicheko kile nimekihesabu kama deni langu mwenyewe.

Mwanahawa aliletwa siku ya Jumatano. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anauza mananasi Kisarawe, na pikipiki iliyokosa breki ilikuwa imembana kwenye ukuta. Nyonga zote mbili zilivimba hata kwa kumtazama usingeweza kujua mbaya ni ipi. Mama yake, Bi Siwema, alikaa kwenye benchi la korido na kikapu cha nguo mapajani, na nilipopita nikamwamkia aliitika marahaba mwanangu, akaniuliza kama mtoto wake atatembea. Nikamwambia tutaona kila kitu. Asubuhi ya Alhamisi nilikaa saa tatu nzima nikiisimamisha nyonga ile. Kikombe chake cha kushoto, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapokaa, kilikuwa kimepasuka vipande vitatu. Cha kulia kilikuwa kizima. Nikaweka herufi zangu, kubwa, nikahifadhi. Kilichobaki ilikuwa kutoa filamu, kuweka sahihi na kuipeleka juu, chumba cha upasuaji. Hapo nikaitwa chumba cha siti skani. Mwenzangu alikuwa ameshikwa na homa, na kulikuwa na bibi kutoka Dutumi aliyeanguka kisimani, anatakiwa kupigwa picha ya kichwa mara moja. Nikaiacha kompyuta wazi, kwa jina langu, nikatoka.

Bibi yule, Bi Mwanakombo, alikataa kuvua kipini chake cha pua. Alisema hajakivua tangu siku alipoolewa na hatakivua kwa ajili ya tundu la chuma. Tuligombana kwa upole wa adabu, nikaleta maji ya sabuni, nikamshika pua, kikatoka. Alinitazama kwa namna ya kunihifadhi sura. Nilipomaliza naye nikarudi stoo mbio, kwa sababu chumba cha upasuaji kilikuwa kimeshapiga simu mara mbili. Stuli ilikuwa imeshushwa chini. Hewa ilinukia manukato. Nikaipandisha stuli, nikatoa filamu, nikaweka sahihi kwenye bahasha, muuguzi akaichukua mkononi mwangu akaondoka nayo.

Habari niliisikia nikiwa nasubiri chai. Wauguzi wawili wa wodi ya upasuaji walikuwa mbele yangu kwenye foleni, na mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba wamefungua kulia, wakakuta pazima, wakashona, wakahamia kushoto, na damu iliyotoka Mungu ndiye anajua. Mwenzake akauliza ilikuwaje. Akajibiwa, picha ilitoka kinyume. Nikaondoka bila chai. Nilipoiona tena picha ile kwenye kompyuta ilikuwa imegeuzwa kama uso kwenye kioo, kushoto kumekuwa kulia, na herufi zangu hazipo. Pembeni chini, pale mashine inapoandika yenyewe, palikuwa na jina langu.

Mbele ya kamati ya nidhamu nilisema nilichojua: kwamba nilitoka, kwamba stuli ilishushwa, kwamba Bwana Gervas alikuwa na wageni siku ile. Yeye alikaa upande wa pili wa meza, mikono ameikunja, akasubiri nimalize. Kisha akasema, kwa huzuni kabisa, kama baba, kwamba hajakanyaga chumba kile wiki nzima, na kwamba anasikitika kumpoteza binti mwenye kipaji, lakini ujana una haraka. Nikaomba kumbukumbu za mashine zifunguliwe. Akaeleza kamati kwamba nafasi ilijaa na picha za wiki ile zimeshafutwa. Aliyekuwa na neno la siri la kufuta alikuwa yeye peke yake. Daktari Kweka naye alikuwepo, ameinamisha kichwa. Siku ile alikuwa amepasua bila kupita stoo wala kuzitazama picha za mwanzo zenye herufi, na nadhani alishukuru kwamba kosa limepata mwenyewe. Nikaandikiwa barua. Nikahamishiwa Kisarawe, kwenye kituo cha afya kimoja chenye chumba cha eksirei na mashine moja ya zamani iliyopiga kelele kama jiwe la kusagia.

Kisarawe pana baridi ya asubuhi, na mwezi ule wa kwanza niliichukia baridi ile kana kwamba Bwana Gervas ndiye aliyeituma. Nilipanga chumba uani kwa mjane mmoja aliyepika kisamvu kila jioni na kuniletea bakuli bila kusema neno. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, na dirisha lililotazama mikorosho. Kila asubuhi nikipiga mswaki nilikuwa namtengenezea Bwana Gervas kesi: nitasema hivi, atasema vile, nitamkatiza hapa. Nilizungumza peke yangu mpaka yule mjane akaniuliza kama naongea na simu. Sikutaka kurudi kazini tu, wala kusafishwa jina tu. Nilitaka asimame mbele ya watu wale wale aliowachekesha, akose la kusema, na mimi niwe nimekaa.

Katika wiki ya tatu Bi Siwema aliingia na binti yake akiwa kwenye magongo. Daktari wa kituo alitaka picha mpya ya nyonga, na aliwaagiza waje na za zamani. Bi Siwema alinitambua mlangoni. Alimkalisha Mwanahawa, akafunga mlango, akatoa ile bahasha kubwa chini ya khanga, akaiweka juu ya meza yangu.

"Mwanangu ana makovu mawili," akasema. "Moja la ajali yake, moja la kwako. La kwako ndilo linalotoa usaha."

Nilimpiga Mwanahawa picha, kisha nikaitoa ile filamu ya zamani kwenye bahasha na kuiweka kwenye mwanga. Niliitazama nyonga iliyogeuzwa. Na pembeni, chini ya jina langu, nikasoma kitu ambacho hakuna mtu wa kamati aliyekisoma: saa na dakika picha ile ilipohifadhiwa. Saa saba na dakika kumi na moja mchana. Nikakaa chini. Saa saba na dakika kumi na moja nilikuwa chumba cha pili, mwisho wa korido, nimeshika pua ya Bi Mwanakombo au nimeshamlaza. Na picha za kichwa chake nazo zina saa, zina dakika, zina jina langu. Picha zile kompyutani zilifutwa pamoja na nyingine, lakini kila mgonjwa wa siti skani aliondoka na sidii ya picha zake mkononi. Mimi mwenyewe ndiye niliyempa.

Kujua ilikuwa rahisi kuliko kupata. Bi Siwema aliichukua bahasha yake akaondoka nayo, na ndani ya siku mbili mji mzima ulijua mimi ni nani. Muuza vitumbua akaniambia vimekwisha huku vinachuruzika mafuta mbele yangu. Dukani nilihudumiwa wa mwisho. Mjane wangu akaacha kuleta bakuli la kisamvu. Baadaye nilijua ni binamu yake Bi Siwema. Nilikwenda nyumbani kwao mara ya kwanza, nikapiga hodi, sikuitikiwa, ingawa nilisikia redio ikizimwa. Mara ya pili Bi Siwema alitoka, akapokea shikamoo yangu kwa kichwa tu, akaniambia filamu ile anaitunza kwa ajili ya Mungu na si kwa ajili yangu. Mara ya tatu, miezi kadhaa baadaye, yeye hakuwepo. Mwanahawa alikuwa amekaa barazani, mguu ameuegemeza kwenye kigoda, anamenya mihogo. Aliniambia nikae. Nikamweleza yote, kuhusu stuli, manukato, dakika zile. Alimenya mpaka mwisho bila kuinua macho, akaosha kisu, akainuka kwa magongo yake, akaingia ndani, akarudi na bahasha.

"Chukua, dada," akasema. "Lakini siku anayoanguka, nataka niwepo."

Nilimpenda kuanzia hapo. Wengine wote wamekuwa wakiniambia kwa miaka hii kwamba kisasi ni kitu cha kuonea haya. Mwanahawa ndiye pekee aliyekitamka kama mtu anayeomba chumvi.

Dutumi nilifika siku ya Jumapili kabla jua halijakaza. Nyumbani kwa Bi Mwanakombo niliambiwa yuko shambani, na shambani nikamkuta amekaa kwenye kichanja, mpunga umeshika masuke, anawafokea ndege. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama, akagusa kipini chake. Nilimuuliza habari za kichwa, akasema kipo. Kisha nikamuuliza kama bado ana ile sidii niliyompa hospitali. Hakuelewa neno. Nikamweleza kwa mikono: duara, inang'aa, ina tundu katikati.

"Ile sahani?" akasema. "Ile inafanya kazi."

Akaonyesha kwa kidevu. Juu ya kamba iliyovukishwa shamba, kati ya matambara na makopo, kichwa cha Bi Mwanakombo kilikuwa kikizunguka kwenye upepo na kurusha mwanga juu ya mpunga. Nilivua viatu nikaingia matopeni. Ilikuwa na vumbi na kinyesi cha ndege upande mmoja, na mikwaruzo miwili mirefu. Niliifuta kwa ncha ya khanga nikiomba Mungu kwa maneno ambayo si ya dua. Bi Mwanakombo hakuitoa hivi hivi. Alisema ndege hawatasubiri. Nikafungua mkoba nikampa kioo changu cha kujitazamia, akakifunga mwenyewe kwenye kamba, akakirudia mara mbili mpaka kikakamata jua. Nilipomweleza shida yangu alisikiliza vizuri, akaniuliza kama huyo bwana bado anakula mshahara pale. Nikasema ndiyo. Akasema basi atakuja kusema alichokiona, kwa sababu mkono ulioshika pua yake anaujua.

Mlandizi palikuwa na stationari yenye kompyuta mbili. Dada wa pale aliingiza sidii, mashine ikakoroma ikaitema. Akaifuta kwa pumzi na shati lake, ikatemwa tena. Mara ya tatu ikakubali. Fuvu la bibi likapanda kwenye kioo, na pembeni jina langu, na kipande cha kwanza saa saba na dakika sita, cha mwisho saa saba na dakika kumi na tisa. Nikamwomba anitolee kwenye karatasi nakala kumi. Aliniuliza huyo ni ndugu yangu. Nikamwambia, leo ndiyo.

Sikuandika barua kwa utawala, maana barua zote za idara zilipitia mezani kwa Bwana Gervas. Nilimsubiri Daktari Kweka Alhamisi, kwenye maegesho, nikamwekea filamu na karatasi juu ya boneti ya gari lake. Alizisoma akiwa amesimama. Hakunipa kashata siku ile. Alisema kwa miezi sita amekuwa akimwona binti yule kabla hajalala, na kwamba wiki inayofuata kuna kikao kikubwa, Bwana Gervas anaeleza huduma yake mbele ya uongozi na wageni, na baada yake yeye Daktari ana dakika zake za kuzungumza. Atanipa mimi.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, meza ya chai nyuma, maandazi yamefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nilikaa kwenye chai pamoja na Bi Siwema, aliyekuja kwa sababu binti yake amemshinda kwa maneno, Mwanahawa na magongo yake, na Bi Mwanakombo aliyevaa khanga mpya. Bwana Gervas aliongea vizuri mno. Alizungusha mifupa kwenye ukuta, akasema huduma yangu mara nyingi, watu wakapiga makofi. Kisha Daktari Kweka akasimama, akasema dakika zake anampa Rehema. Nikaenda mbele. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba hii kwa miezi kwenye chumba cha uani, nikagundua siihitaji. Niliweka picha mbili ukutani, nyonga na fuvu, nikawaomba wasome saa. Nikasema mimi ni mtu mmoja. Nikauliza ni nani aliyekuwa amekaa kwenye stuli yangu.

Bi Mwanakombo, bila kuitwa, akasema kutoka kwenye maandazi kwamba huyu ndiye aliyemshika pua siku ile na hakutoka mpaka mwisho. Mkurugenzi wa hospitali akamgeukia Bwana Gervas. Naye, mtu yule aliyejua kuongea na wageni kuliko wote, akatazama mlango, kisha akasema sentensi ambayo nimeishi nayo kama wengine wanavyoishi na wimbo.

"Nilikuwa nawaonyesha wageni tu."

Mwanahawa aliinuka kwa magongo yake akapita katikati ya viti mpaka mbele. Alisimama karibu naye kiasi cha kusikia manukato, akamtazama, akarudi kukaa. Nami nikakaa, kama nilivyokuwa nimetaka.

Sitadai kwamba niliishia hapo. Mkurugenzi aliponiita ofisini kuniambia nimerudishwa, na kwamba nitaisimamia huduma mwenyewe, aliniuliza kama kuna jambo lingine. Nikamwambia Kisarawe hakuna mtu wa eksirei. Alinielewa. Bwana Gervas akapelekwa kwenye mashine ile ya jiwe la kusagia, kwenye meza ile ile. Mwaka wa pili aliandika barua ya kuomba kurudi Kibaha kwa sababu ya kifua chake na baridi ya kule, na barua ikaletwa kwangu niweke maoni. Niliiweka kwenye droo chini ya karatasi za filamu. Nilikuwa naiona kila nikifungua. Haikutoka mpaka alipostaafu, na hata leo nikiulizwa kama najuta, najitafuta ndani na sikuti kitu.

Lakini mwaka ule wa kikao ulimalizika kwa chakula, na hicho ndicho ninachoshindwa kukiweka mahali pake. Wiki moja baada ya kikao Bi Siwema alinitumia salamu nije kula. Nilikuta mkeka umetandikwa chumbani kwake, wali wa nazi, kuku wa kienyeji, mchicha, na nanasi lililokatwa kwenye sinia. Mjane wangu alikuwepo, na muuza vitumbua, wote wakiniita mwanetu. Mwanahawa alikuwa ameacha gongo moja. Anachechemea mpaka leo, na baridi ikizidi huwa analala kwa upande mmoja. Bi Siwema alishika birika la kunawia, akainama mbele yangu, na kabla hajamimina akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, kama mtu anayeondoa uchafu wa mwisho kwenye mchele.

"Nikuulize, mwanangu. Uliporudi kwenye kile chumba, kabla hujaipeleka picha juu, uliiangalia?"

Bwana Gervas hakuwahi kuniuliza hivyo. Kamati haikuniuliza, wala Daktari Kweka. Swali lile lingeniangusha mimi pamoja na Bwana Gervas, na nadhani hakulifikiria kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuangalia kitu mara mbili. Simu ilikuwa imepigwa mara mbili. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na uhakika na kazi yangu ya asubuhi. Nilibonyeza, filamu ikatoka ikiwa imeinamia chini, nikaitia kwenye bahasha hivyo hivyo, nikaweka sahihi juu yake. Ningeigeuza tu, ningeona kwamba herufi zangu hazipo.

Nilimwambia niliiangalia, na kwamba ilikuwa sawa nilipoiangalia. Bi Siwema akatikisa kichwa taratibu, akasema alijua. Akaninawisha mikono, wa kulia kisha wa kushoto, akanipa taulo, tukala.